Kutofungamana si Kunyamaza: Uhakiki wa Istilahi ya Sera ya Nje na Utambulisho wa Taifa nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi *kutofungamana na upande wowote* kama ilivyotumika kuieleza sera ya nje ya Tanzania na kulijenga taifa kuwa jamii yenye sura yake mbele ya mataifa mengine. Hoja kuu ni kwamba istilahi hiyo, kwa umbo lake na kwa historia ya matumizi yake, inakanusha hali ya kufungwa pamoja na mwenye nguvu. Haikanushi tendo la kusema wala la kuchagua. Hoja inajengwa kwa hatua tatu: uchambuzi wa kimofolojia na kisemantiki, upimaji wa maana kwa kutumia matukio ya kati ya mwaka 1964 na 1981, na usomaji wa matini mbili za fasihi, *Kusadikika* ya Shaaban Robert na *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Julius Nyerere. Makala yanaonesha kuwa katika mijadala ya karibuni istilahi hii imesogezwa kuelekea maana ya *kutopendelea*, ambayo ni sifa ya mwamuzi, na kwamba usogezaji huo una gharama kwa taifa lililojitambulisha kwa neno hilo.

1. Utangulizi

Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio lililolaumu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 35. Majirani hawakwenda njia moja: Kenya na Rwanda ziliunga mkono, ilhali Uganda na Burundi nazo zilijizuia. Wiki chache kabla ya hapo, mwezi Februari, Umoja wa Afrika ulikuwa umekipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Hivyo, katika kipindi kifupi, lugha iliongezewa jukwaa la kusemea na dola yenye historia ndefu zaidi ya kuitumia lugha hiyo katika siasa ikachagua kutosema.

Makala haya hayakusudii kuihukumu kura hiyo. Wapo wanataaluma wa uhusiano wa kimataifa wenye zana za kufanya hivyo. Linalomhusu mwanaisimu ni namna kura ilivyojadiliwa kwa Kiswahili. Waliolaumu walisema kwamba kutofungamana kumekuwa kichaka cha kujifichia. Waliotetea walisema kwamba huo ndio urithi wa Mwalimu na ndiyo sura ya Tanzania tangu uhuru. Pande hizi mbili zilibishana juu ya thamani ya neno, lakini zilikubaliana juu ya maana yake bila kuichunguza: kwamba kutofungamana ni kukaa kati na kunyamaza. Makubaliano hayo ya kimyakimya ndiyo yanayohakikiwa hapa. Iwapo maana hiyo si sahihi, basi mtetezi na mlaumu wote wawili wanabishana juu ya sera ambayo Tanzania haikuwahi kuitangaza.

2. Umbo la neno na mipaka ya ukanushi wake

Kitenzi *fungamana* kina mzizi *-fung-*, kiambishi *-am-* cha kauli ya kutendama, na kiambishi *-an-* cha kauli ya kutendana. Mzizi *-fung-* ni miongoni mwa mizizi yenye ukoo mpana katika Kiswahili. Umetupatia *kufunga* mlango, *kufunga* safari na *kufunga* ndoa. Umetupatia pia *mfungwa* na *kifungo*, neno ambalo huweza kuwa pambo la shati au miaka ya mtu gerezani. Hakuna thamani moja ya kimaadili katika mzizi huu. Jijini Nairobi, jengo liitwalo Ufungamano lilikuwa kitovu cha vuguvugu la viongozi wa dini na wanaharakati lililodai katiba mpya mwishoni mwa miaka ya 1990, na jina hilo lilisikika masikioni mwa Wakenya kama mwito wa mshikamano. Kufungamana, kwa hiyo, si kosa kwa asili yake. Hutegemea ni nani aliyefungamana na nani, na kama fundo linaweza kufunguliwa.

Kiambishi *-am-* ndicho kinachostahili kuangaliwa zaidi. Vitenzi vyenye kiambishi hiki, kama vile *inama*, *kwama*, *gandama* na *tuama*, havitaji tendo la mara moja. Vinataja mkao unaodumu. Aliyekwama hafanyi jambo, bali yumo katika hali. Kikiongezwa *-an-*, hali hiyo inakuwa ya wawili au zaidi, na hakuna mmoja wao awezaye kujinasua bila kumtikisa mwenzake. *Kufungamana* basi ni kuwa katika hali ya kudumu ya kufungwa pamoja. Kinachokanushwa na *-to-* katika *kutofungamana* ni hali hiyo. Ukanushi hauvuki mipaka ya kitenzi chake. Hausemi lolote juu ya kusema, kulaani, kuunga mkono au kukataa, maana hayo ni matendo, na tendo moja halifanyi mkao.

Tofauti hii inajitokeza vizuri tunapoiweka istilahi yetu kando ya jirani zake mbili ambazo leo hutumiwa kana kwamba ni visawe vyake. Ya kwanza ni *kutoegemea upande wowote*. Kuegemea ni suala la uzito: anayeegemea hawezi kusimama kile anachokiegemea kikiondolewa. Ukanushi wake unamsifu asimamaye kwa miguu yake, na kwa sababu hiyo una undugu wa kimaana na *kujitegemea*, neno ambalo halisifu kutotegemea kabisa bali kutegemea nafsi. Ya pili ni *kutopendelea upande wowote*. Kitenzi *pendelea* ni cha hukumu. Hutumika kwa hakimu, kwa refa na kwa mzazi mwenye watoto wengi. Kinachokanushwa hapa ni tendo, na hukanushwa katika kila tukio: refa akimpendelea mchezaji mmoja katika dakika moja, amekwisha kuwa mpendeleaji.

Kwa kifupi, tuna istilahi tatu na picha tatu: kamba, uzito na mizani. Asiyefungamana anaweza kuwa na rafiki, adui na msimamo, mradi kamba haipo. Asiyepaswa kupendelea hana ruhusa hiyo, kwani akichagua tu amevunja ahadi. Sera ya nje ya Tanzania ilibatizwa kwa istilahi ya kamba. Mijadala ya leo huisoma kwa istilahi ya mizani.

Jambo la tatu la kiumbo ni jina la kundi lenyewe. Nchi zilizokutana Belgrade mwezi Septemba 1961, miaka sita baada ya Mkutano wa Bandung, huitwa kwa Kiswahili *Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote*. Hapa ukanushi umo ndani ya kirejeshi. Kirejeshi kanushi cha aina hii humtambulisha mtajwa kwa sifa yake ya kudumu: *mtu asiyeogopa* si mtu ambaye leo hakuogopa, bali ni mtu wa namna hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba mwaka huohuo, ilikuta jina hilo linaundwa. Kuingia katika kundi hilo kulikuwa kujipa sifa ya utambulisho, na ndiyo maana mabadiliko ya maana ya neno hayawezi kuwa jambo dogo la kamusi.

3. Maana katika matumizi: 1964 hadi 1981

Umbo la neno haliamui maana yake peke yake. Matumizi yanaweza kulipeleka neno mbali na asili yake, na mwanaisimu anayeishia kwenye viambishi anastahili kushukiwa. Basi tuyaangalie matumizi, na matumizi ya istilahi ya sera ni yale ambayo dola iliyafanya kwa jina lake.

Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Tanzania ilijikuta na Wajerumani wawili. Ujerumani Magharibi ilikuwa mfadhili mkubwa bara. Ujerumani Mashariki ilikuwa imekwisha kutambuliwa na Zanzibar. Serikali ya Bonn ilishikilia kwamba atakayewatambua wale hatakuwa rafiki yao. Serikali ya Muungano ilitafuta njia ya katikati, ikakubali ofisi ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki bila kuitambua nchi hiyo kikamilifu. Bonn haikuridhika, na mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Jibu la Nyerere lilikuwa kukataa pia misaada mingine iliyosalia kutoka serikali hiyo. Angekuwa anafuata kanuni ya kutopendelea, jibu lake lingekuwa kuendelea kusawazisha mizani. Yeye alikata kamba. Aidha, kilicholindwa hapo kilikuwa Muungano wenyewe, yaani haki ya taifa changa lenye sehemu mbili kuamua lenyewe namna ya kuishi na historia zake mbili. Sera ya nje na utambulisho wa taifa havikuwa mambo mawili.

Mwezi Desemba mwaka huo, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutimiza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba na London kushindwa kuwazuia. Kwa uamuzi huo nchi ilipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya umoja huo, na vyama vya ukombozi vilipewa ardhi, ofisi na vituo vya mafunzo. Aprili 1968, Tanzania iliitambua Biafra, kinyume cha msimamo wa karibu bara zima. Mwaka 1973 ilivunja uhusiano na Israel. Hakuna hata moja kati ya matendo haya ambalo refa angeweza kulifanya akabaki refa. Hata hivyo, aliyeyafanya hakuona kwamba ameacha kuwa miongoni mwa wasiofungamana. Kinyume chake, Aprili 1970 Dar es Salaam iliandaa mkutano wa matayarisho wa kundi hilo kabla ya ule wa wakuu wa nchi uliofanyika Lusaka mwezi Septemba.

Mwaka 1969 serikali ilitoa mwongozo wa Rais juu ya sera ya nje ambao jina lake la Kiingereza liliwataka wasomaji watoe hoja badala ya kupiga kelele. Jina hilo peke yake ni ushahidi wa kisemantiki. Mwongozo ulikataza kelele; haukukataza hoja. Kinyume cha kelele, kwa mwandishi wake, hakikuwa kimya.

Wakubwa nao waliielewa sera hii kwa namna yao. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim, aliyekuwa ameiwakilisha Tanzania kwenye Umoja wa Mataifa katika miaka ambayo China ilirejeshewa kiti chake, aligombea ukatibu mkuu wa umoja huo. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, huku China ikimzuia Kurt Waldheim. Kwa Washington, nchi iliyosema wazi haikuwa nchi isiyofungamana, bali mpinzani. Hapa tunaona kwamba usomaji wa kutofungamana kama kimya haukuzaliwa Dar es Salaam. Ulikuwa matakwa ya waliopenda wadogo wasiseme, na ni jambo la kutafakari kwamba leo sisi wenyewe ndio tunaoutetea kama urithi wetu.

Lazima pia tukiri upande wa pili wa ushahidi. Katika miaka ya 1970, nchi iliyotangaza kujitegemea ilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa wa misaada barani Afrika, hasa kutoka nchi za Skandinavia. Reli ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba baada ya wakopeshaji wa Magharibi kukataa. Mwaka 1986 serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imeyakataa. Kamba zilikuwapo. Msomaji mkali anaweza kusema kwamba istilahi ilificha kile ilichokikanusha. Jibu letu ni kwamba istilahi ya kamba ndiyo inayotuwezesha kuiona dosari hiyo. Tukisema sera ilikuwa ya kutopendelea, mkopo si kosa. Mtu anaweza kukopa kwa wote kwa usawa. Tukisema ilikuwa ya kutofungamana, kila mkopo unakuwa swali. Neno lililochaguliwa lilikuwa gumu kwa serikali kuliko kwa wapinzani wake, na hilo ni sifa ya neno zuri la kisiasa.

4. Kamba na pande katika fasihi: Kusadikika na Mabepari wa Venisi

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na picha hizi kabla ya wanadiplomasia. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, miaka minne kabla ya Bandung, kwa hiyo haiwezi kusomwa kama maoni juu ya kambi za vita baridi. Wahakiki wengi wameisoma kama istiara ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo una nguvu. Hapa tunapendekeza usomaji wa pili usioubatilisha wa kwanza: kwamba riwaya hii ni tafakuri ya mapema juu ya uhusiano wa nchi na pande zinazoizunguka.

Nchi ya Kusadikika iko angani. Haijashikizwa popote. Wajumbe wake sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wanatumwa pande zote ambazo akili inaweza kuzihesabu: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, juu na chini. Hakuna upande uliotengwa kuwa mwovu, wala hakuna uliotukuzwa kuwa pekee wenye hekima. Kila mjumbe anarudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja analipwa kifungo. Karama anapowatetea mbele ya mashtaka ya Majivuno, hajitetei kwa kusema kwamba hana upande. Anao: ni upande wa sheria na wa mafunzo yake, na kwa ajili ya upande huo anahatarisha maisha.

Mambo mawili yanajitokeza katika usomaji huu. Kwanza, uhuru wa Kusadikika kutoshikizwa popote hauna faida yoyote mpaka uwe uhuru wa kujifunza kokote. Nchi inayoning'inia bila kupokea lolote kutoka pande sita haijawa huru, imekuwa pweke. Pili, na hili ndilo lenye ukali, *kufunga* hakutoki nje. Hakuna taifa la mashariki wala la magharibi lililoifunga Kusadikika. Baraza lake lenyewe ndilo lililowafunga waliorudi na maneno. Mzizi *-fung-* umehamia ndani. Riwaya inatuonya kwamba taifa linaweza kutofungamana na yeyote nje huku likiwafunga wanaosema ndani, na kwamba hali hizo mbili zikikutana, ile ya kwanza haina cha kujivunia. Mtu anayekumbuka sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962 hatauona usomaji huu kuwa wa mbali.

Matini ya pili ni *Mabepari wa Venisi*, iliyotoka mwaka 1969, mwaka uleule wa mwongozo tulioutaja. Jina hilo limejadiliwa sana: mfanyabiashara wa Shakespeare amegeuzwa bepari. Mara nyingi mjadala huishia kwenye itikadi ya mfasiri. Lakini yapo mabadiliko mengine ambayo hayajapewa uzito unaostahili. Jina la Kiingereza lina mtu mmoja. La Kiswahili lina wingi. Kwa wingi huo lawama haibaki kwa Shylock, ambaye tamthilia ya asili inamdharau kwa dini yake, bali inawaenea wote wanaoishi kwa faida, Antonio akiwamo. Mfasiri amehamisha upande: badala ya Myahudi dhidi ya Wakristo, anaweka mfumo mmoja uliowafungamanisha wote.

Kiini cha tamthilia ni hati ya deni. Antonio anaweka ratili ya mwili wake kuwa dhamana ya fedha alizokopewa rafiki yake Bassanio. Kosa lake si kuwa na rafiki. Uaminifu wake kwa Bassanio, yaani kuwa na upande, haulaumiwi popote. Kinachomponza ni kuuweka mwili katika mkono wa mwingine kwa maandishi. Tamthilia inatenganisha mambo ambayo mijadala yetu huyachanganya: kushikamana na rafiki, na kufungwa na mkopeshaji. Miaka miwili kabla, Azimio la Arusha lilikuwa limeonya kwamba kuitegemea misaada na mikopo ya nje ni kuhatarisha uhuru. Hatuna haja ya kudai kwamba mfasiri aliichagua tamthilia kwa ajili hiyo. Inatosha kwamba msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1969 aliyashika maandishi yote mawili kwa mkono mmoja.

Tukumbuke pia jinsi Antonio anavyookoka. Haokolewi na jeshi wala na huruma. Anaokolewa na Portia, anayeisoma hati neno kwa neno na kuonesha kwamba imetaja nyama na haikutaja damu. Wokovu unatoka katika mipaka ya neno. Hiyo ndiyo kazi tuliyojaribu kuifanya katika sehemu ya pili ya makala haya.

5. Kutoka kamba hadi mizani

Iwapo umbo, matumizi na fasihi vinakubaliana, maana ya mwamuzi imeingia vipi? Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Neno *upande* lilikuwa na marejeo dhahiri hadi Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika Desemba 1991. Kambi mbili zilipotoweka, kirai *upande wowote* kilibaki bila pande, na *wowote* kikapanuka hadi kumaanisha upande katika ugomvi wowote. Kutofungamana na kambi kukawa kutoingia katika jambo. Sababu ya pili ni ya kisera. Sera ya nje ya mwaka 2001 iliweka mbele diplomasia ya uchumi. Hilo si kosa, lakini lugha ya uchumi haina haja ya hoja kama ilivyokuwa nayo lugha ya ukombozi. Mfanyabiashara humpendeza kila mteja. Sababu ya tatu ni ya kiutendaji na inatugusa wanaisimu: istilahi za diplomasia zimeachwa mikononi mwa wafasiri wa haraka, ambao leo huandika *kutofungamana*, kesho *kutoegemea* na keshokutwa *kutopendelea* kwa dhana ileile. Nimeona hali hiyo kwa miaka kadhaa katika darasa la semantiki: wanafunzi hodari wa shahada ya uzamili huyapanga maneno hayo matatu kama visawe kamili, kisha hushangaa wanapoombwa kuyabadilishana katika sentensi inayomhusu hakimu.

Mifano ya Ulaya husaidia kuonesha kwamba tatizo si la Tanzania pekee. Uswisi, ambayo hali yake ilitambuliwa na mataifa makubwa mwaka 1815, imeijenga sera hiyo kuwa sehemu ya nafsi yake kwa sababu ya ndani: wasemaji wa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, wenye jamaa wa lugha ng'ambo ya mipaka, wasingekaa pamoja kwa urahisi kama nchi ingechagua vita vya jirani mmoja. Uswidi ilikuwa ya namna nyingine. Haikujiunga na kambi ya kijeshi, lakini Olof Palme aliilaumu Marekani waziwazi kwa vita vya Vietnam hadi uhusiano wa nchi hizo ukapoa. Uswidi ya Palme ilikuwa karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko na Bern. Tarehe 4 Aprili 2023 Finland ilijiunga na Jumuiya ya NATO, na Uswidi ikafuata tarehe 7 Machi 2024. Nchi hizo zilibadili sera, lakini baada ya mjadala wa wazi bungeni na magazetini, kwa lugha za wananchi wao, juu ya nini kinaachwa. Sera iliyo sehemu ya utambulisho inaweza kuachwa. Hatari ni kuiacha huku jina lake likiendelea kutajwa.

Kwa Tanzania kuna kiungo cha ndani pia, nacho ni Kiswahili. Maelezo tuliyoyazoea husema kwamba lugha hii ilifaa kuwa ya taifa kwa sababu haikuwa ya kabila lolote kubwa. Kwa maneno mengine, lugha ya taifa ilielezwa kwa istilahi ileile ya sera ya nje: haifungamani na upande wowote. Ulinganifu huo umelipa taifa utulivu mkubwa. Umekuwa na gharama pia. Ili lugha isiwe ya upande wowote, wenyewe wa pwani, waliokuwa na utenzi, wimbo na lahaja kabla ya dola kuwapo, walitakiwa wawe kama hawapo. Kutopendelea kulipatikana kwa kuwanyamazisha waliokuwa na sauti. Ni somo lilelile: kila tunapogeuza kutofungamana kuwa kutokuwa na sauti, lazima tuulize ni nani aliyelipia kimya hicho. Kuhusu kura ya Machi 2022, swali hilo linawahusu wananchi wa Tanzania pia, ambao wana haki ya kujua sababu zilizotolewa kwa jina lao.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba *kutofungamana* kunakanusha mkao wa kufungwa, si tendo la kusema. Kwamba Tanzania ya miaka ya 1964 hadi 1981 ilitenda kwa maana hiyo, ingawa kwa kasoro ambazo neno lenyewe linatusaidia kuzitaja. Na kwamba fasihi ya Kiswahili imeweka bayana tofauti kati ya kuwa na upande na kufungwa. Haifuati kwamba kila kujizuia ni usaliti. Nchi isiyofungamana inaweza kuwa na sababu nzuri ya kutounga mkono azimio, kama ilivyo na sababu ya kuliunga. Kinachofuata ni dogo zaidi na gumu zaidi: kwamba istilahi yenyewe si sababu. Anayesema "tumejizuia kwa kuwa hatufungamani" hajatoa hoja. Ametaja jina lake pale alipoulizwa msimamo wake.

Kwa wanaisimu na wahakiki, kazi zipo mbili. Ya kwanza ni kuzitenganisha istilahi hizi tatu katika kamusi za diplomasia na katika mafunzo ya wakalimani, kwa mifano ya matumizi badala ya visawe. Haja hii imekuwa kubwa zaidi baada ya lugha kupata nafasi katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika mwaka 2019 na katika Umoja wa Afrika mwaka 2022: istilahi isiyo na mipaka nyumbani haitapata mipaka ukumbini. Ya pili ni kuzisoma hotuba na taarifa za sera ya nje kama matini zinazostahili uhakiki uleule tunaoipa riwaya. Kwa muda mrefu tumeshangilia kila jukwaa jipya ambalo Kiswahili kimepewa, na tumekuwa wazito kuuliza kitasema nini huko. Wajumbe sita wa Kusadikika walirudi na maneno, wakafungwa kwa ajili ya maneno hayo. Mjumbe anayekwenda na kurudi bila neno hafungwi na mtu, lakini pia hakuna sababu ya kumtuma.